Kabla ya chipu kulikuwa na mpunga: nani alilipia viwanda vya Taiwan

Kila ukisikia Taiwan siku hizi ni chipu, chipu, chipu, na ni kweli, hiyo simu uliyoshika kama ni iPhone basi ubongo wake umetengenezwa na TSMC, kampuni kubwa ya chipu ya Taiwan, na hata kama sio iPhone uwezekano ni mkubwa kuna kitu humo ndani kimepitia kwenye kile kisiwa. Lakini mimi nimekulia kwenye majaruba ya mpunga huku Lower Moshi, nimekesha kwenye mfereji nikisubiri zamu ya maji ya usiku, kwahiyo nikisoma habari za nchi yoyote iliyopata viwanda swali langu la kwanza ni moja tu, wakulima wao ilikuwaje? Kwa Taiwan jibu lake limenikaa kichwani muda mrefu, na kila nikisoma zaidi naona stori inayosimuliwa kwetu imekatwa kichwa, inaanzia kwenye maabara na wahandisi waliosoma Marekani, wakati hela ya kuanzia ilitoka kwenye jaruba.

Tuanze na ardhi yenyewe maana bila hiyo huelewi kitu. Kisiwa ni kama kilomita za mraba 36,000, yani mkoa wa Dodoma peke yake ni mkubwa kuliko Taiwan nzima, alafu wanaishi humo watu milioni 23 na ushee. Na hawajatawanyika kisiwa kizima kwasababu hawawezi, katikati kutoka kaskazini mpaka kusini kuna safu ya milima yenye vilele zaidi ya 200 vinavyopita mita 3,000, mrefu kuliko yote ni Yushan wenye mita 3,952. Upande wa mashariki milima inashuka karibu moja kwa moja baharini, kiasi kwamba kutoboa njia ya gari kutoka Taipei kwenda Yilan, handaki la Hsuehshan la kilomita 12.9, kulianza 1991 likafunguliwa 2006 na watu 25 walikufa kwenye ujenzi. Tambarare iko magharibi, ukanda mwembamba unaotazama China, na humo ndo kila kitu kimebanana, Taipei na Hsinchu juu, Taichung katikati, Tainan na Kaohsiung chini, reli iliyokamilishwa 1908 na Wajapani, waliokuwa wanakitawala kisiwa wakati huo, barabara kuu ya 1978, treni ya mwendokasi ya 2007 inayokimbia kilomita 300 kwa saa, bandari, viwanda, na mpunga. Mpunga na viwanda vinagombea ardhi ileile na maji yaleyale.

Na maji ya kule ni kitu cha ajabu. Mvua inanyesha kama milimita 2,500 kwa mwaka, ni zaidi ya mara mbili ya Dar, kwahiyo unaweza kudhani shida ya maji hawaijui. Sasa mvua hiyo sehemu kubwa inakuja kwa mkupuo, msimu wa vimbunga, inapiga milima mikali alafu inakimbilia baharini kabla hujaishika. Mto mrefu kuliko yote, Zhuoshui, una kilomita 186 tu na unaanzia huko juu kwenye mita zaidi ya 3,000, fikiria hiyo kasi. Wamejenga mabwawa kila walipoweza lakini milima yenyewe ni laini na inatikiswa na matetemeko, udongo unaporomoka, mabwawa yanajaa tope. Agosti 2009 kimbunga Morakot kilimwaga zaidi ya milimita 2,700 ndani ya siku chache kule Alishan, mlima ukashuka ukafunika kijiji cha Xiaolin, watu karibu 700 walikufa kisiwa kizima. Ni msiba mkubwa mno. Na bado kimbunga kisipokuja mwaka huo, wanakaukiwa. Kitu kilekile kinachowaua ndicho kinachojaza mabwawa yao.

Mtu wa kwanza kulishughulikia hili kwa ukubwa kusini alikuwa mhandisi wa Kijapani, Yoichi Hatta. Uwanda wa Chianan kule Tainan na Chiayi ulikuwa ama mafuriko ama ukame, sehemu za pwani zina chumvi. Kati ya 1920 na 1930 akajenga bwawa la Wushantou, akatoboa handaki mlimani kuvuta maji ya mto Zengwen, na mifereji ya kumwagilia kama hekta 150,000. Maji hayakutosha kumwagilia zote kwa mpigo, kwahiyo wakapanga mzunguko wa miaka mitatu, shamba lako mwaka huu linapata maji ya mpunga, mwaka mwingine miwa, mwaka mwingine mazao yasiyodai maji mengi, na kila mtu anapata zamu. Mimi nilivyosoma habari ya ule mzunguko nilijisikia nipo nyumbani kabisa, maana hata skimu yetu ya umwagiliaji ilijengwa kwa msaada wa Wajapani na zamu ndo uhai wake, siku mtu wa juu akivunja zamu basi wa chini mwaka huo wanalia.

Hatta alikufa 1942 meli yake ilipopigwa na nyambizi ya Marekani, na mke wake akajitupa kwenye mkondo wa bwawa lilelile la Wushantou Septemba 1945. Mpaka leo kila Mei 8 watu wanakusanyika kwenye sanamu yake, ameketi chini, mkono kichwani anawaza. Naheshimu sana kazi yake. Ila tusijidanganye, Japani ilikitaka kisiwa kwa ajili ya mchele na sukari ya kwao, na mkulima wa miwa alikuwa amefungwa kumuuzia kiwanda cha eneo lake tu kwa bei ya kiwanda. Mfereji ulikuwa mzuri, mwenye kunufaika nao alikuwa mwingine.

Wajapani wakaondoka 1945, serikali ya China ya Chiang Kai-shek ikahamia pale 1949 ikiwa imeshindwa vita na wakomunisti huko China bara, ikaweka sheria ya kijeshi iliyodumu mpaka 1987, na hiyo nchi ilitawaliwa kwa mkono wa chuma, watu walifungwa na kuuawa, hilo lisemwe. Lakini kwenye ardhi walifanya kitu ambacho nchi nyingi zimeshindwa. 1949 kodi anayolipa mkulima kwa mwenye shamba ikashushwa isizidi asilimia 37.5 ya zao kuu, wakati kabla ya hapo mwenye shamba alikuwa anachukua nusu au zaidi. 1951 mashamba ya serikali yakaanza kuuzwa kwa wakulima. 1953 mwenye ardhi akaambiwa bakiza kama hekta tatu za mpunga, zinazobaki tunanunua tunampa anayelima. Na malipo yalikuwaje, asilimia 70 hatifungani, yani karatasi za deni la serikali, zilizolipwa kwa mpunga na viazi vitamu, asilimia 30 hisa za makampuni manne ya serikali, ikiwemo la saruji na la karatasi. Hapo ndo nilipokaa nikatafakari, yani mwenye mashamba anatolewa shambani kwa nguvu na kusukumwa kiwandani kwa karatasi ileile. Waliweza kwasababu wale watawala walitoka bara, hawakuwa na mashamba Taiwan, hawakuwa na cha kupoteza. Kugawa ardhi ya mtu mwingine ni rahisi kuliko kugawa ya kwako.

Mkulima akapata shamba lake, akajituma, mavuno yakapanda. Na hapo ndo akaanza kulipishwa. Mbolea ilikuwa mikononi mwa serikali, na ukiitaka unaleta mpunga, unabadilishana kwa kiwango walichopanga wao, ghali kuliko bei ya mbolea nje. Mpunga huo serikali inalisha jeshi na watumishi, mwingine inauza nje kupata hela za kigeni za kununulia mashine. Kwa miaka mingi faida iliyopatikana kwa njia hii ilizidi kodi yote ya mapato iliyokusanywa nchini. Mfumo huo ulifutwa 1973. Miaka zaidi ya ishirini! Alafu mtu anakuja kwenye semina anatuambia Taiwan iliinuka kwa ubunifu wa sekta binafsi. Ubunifu ulikuwepo sikatai, viwanda vidogo vya familia vya miavuli, viatu vya plastiki, baiskeli, walipambana mno, ila uwekezaji wa mwanzo ulitoka kwa msaada wa Marekani mpaka 1965 na kwa huyu mtu wa jarubani.

Malipo yake ya pili yalikuwa watoto. 1966 Kaohsiung wakafungua eneo maalum la viwanda vya kuuza nje, pale pale bandarini, malighafi inaingia bila ushuru na bidhaa inatoka, na wafanyakazi wengi walikuwa mabinti wa vijijini na wa wavuvi, wanaunganisha vifaa vya redio na kushona nguo na mshahara unatumwa nyumbani, mara nyingi kumsomesha kaka. Tarehe 3 Septemba 1973 asubuhi kivuko kilichokuwa kinawavusha wafanyakazi kutoka kisiwa cha Cijin kikazama, wakafa mabinti 25. Kwa mila za kule binti ambaye hajaolewa hana nafasi kwenye madhabahu ya ukoo, kwahiyo wakazikwa pamoja, na kwa miaka mingi pakaitwa kaburi la mabinti 25 na watu wakaogopa kupita. Akina mama wanaharakati wa Kaohsiung walidai mpaka 2008 pakatengenezwa upya kuwa bustani ya kumbukumbu ya wanawake wafanyakazi, sio mabinti wa mizimu tena, wafanyakazi waliokufa wakienda kazini. Kwangu mimi hiyo ni sehemu muhimu kuliko jengo la Taipei 101 na mita zake 508, na mtu akienda Kaohsiung akapite pale.

Yanayofuata ndo yale mnayoyajua. Mwishoni mwa 1973 ikatangazwa miradi kumi mikubwa chini ya Chiang Ching-kuo, mtoto wa Chiang Kai-shek aliyekuwa waziri mkuu, barabara kuu ya Keelung mpaka Kaohsiung, uwanja wa ndege Taoyuan, bandari ya Taichung, kiwanda cha chuma, kiwanda cha meli, umeme wa nyuklia, reli ya umeme. 1980 likafunguliwa eneo maalum la viwanda vya teknolojia Hsinchu, 1987 Morris Chang akaanzisha TSMC kwa wazo la kutengeneza chipu za watu wengine tu bila kuwa na za kwake. Nayapita haraka maana yameandikwa vya kutosha.

Malipo ya tatu ni maji, na haya yanaendelea mpaka sasa. Chipu inatengenezwa juu ya sahani ya silikoni ambayo baada ya kila hatua inaoshwa kwa maji yaliyosafishwa kupita kiasi, na hatua ni mamia. Viwanda vinarudia kutumia zaidi ya asilimia 80 ya maji yao, hongera zao, lakini bado yanahitajika mapya kila siku. Mwaka 2020 hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua Taiwan. 2021 ikawa ukame mbaya kuliko yote ndani ya miaka 56. Bwawa la Baoshan la pili linalolisha Hsinchu likashuka chini ya asilimia 10, ziwa la Sun Moon boti zikawa zimekaa kwenye majani, Taichung na Miaoli wakawekewa mgao, siku mbili kwa wiki hakuna maji. TSMC ikakodi maboza. Na wakulima? Wao walishafungiwa mifereji mapema kuliko wote, kwanza Taoyuan, Hsinchu na Miaoli mwishoni mwa 2020, alafu na Chianan yenyewe, mifereji ya Hatta, zaidi ya hekta 74,000 kwa ujumla.

Kwa haki niseme, kilimo ndo kinatumia maji mengi Taiwan, kama asilimia 70, na mchango wake kwenye pato la taifa hauzidi asilimia 2, kwahiyo mtu wa wizara akikaa na kikokotoo jibu linakuja lenyewe. Na fidia walilipwa, hawakuachwa hivihivi. Lakini mimi najua mwaka bila kupanda ukoje. Fidia hairudishi mteja aliyeshazoea kununua mchele kwingine, wala haimpi kazi mwenye trekta na mwenye kitalu cha miche na kinu cha kukoboa, na magugu hayajui kama umelipwa.

Kule Yunlin napo, mto Zhuoshui umewekewa kizuizi mahali panapoitwa Jiji na sehemu ya maji yanaenda kwenye viwanda vikubwa vya petrokemikali vya Mailiao pwani. Wakulima wakachimba visima, wakavuta maji ya chini miaka na miaka, ardhi ikaanza kudidimia, mahali pengine sentimita kadhaa kwa mwaka, na nguzo za treni ya mwendokasi zimepita hapohapo. Ikabidi visima vifungwe kuiokoa reli. Nani wa kulaumiwa kwanza, aliyechimba kisima au aliyechukua mto? Mimi upande wangu unajulikana.

Kuna mabadiliko na yananipa moyo. Tainan tangu 2022 viwanda vya chipu vimeanza kupokea maji yaliyotumika yakasafishwa upya badala ya kunyonya bwawa tu, na Kaohsiung kiwanda cha chuma kilitangulia. Na kuanzia Februari 2023 mtumiaji mkubwa anayepita mita za ujazo 9,000 kwa mwezi, kipindi cha kiangazi Novemba mpaka Aprili, anatozwa ada ya ziada ya dola 3 za Taiwan kwa kila mita ya ujazo. Kwa kampuni kama TSMC hiyo ni hela ndogo sana, ningependa iwe kubwa mara kadhaa na iende moja kwa moja kwenye ofisi za mifereji za Chianan na Hsinchu, kukarabati mifereji inayovuja na kuwalipa wanaofungiwa maji kabla msimu haujaanza, wajue mapema kama wanunue mbegu au wasinunue.