Picha ya mji wa Lamu niliipata kwa kuhesabu mwezi

Nimechoka kusikia kwamba ukitaka picha nzuri za mandhari ni lazima ununue kamera kubwa. Mimi niliambiwa hivyo na watu wanaoheshimika katika kazi hii, tena wakaongeza: piga jioni, jua likishuka, ndipo mwanga huwa mtamu. Huenda ushauri huo ukafaa kwingine. Mji wa Lamu umeelekea mashariki, umetazamana na kisiwa cha Manda. Jioni jua huzama nyuma ya nyumba, mbele kote kukawa kivulini, na maji yakiwa yamekupwa, mashua zimelala ubavu kwenye tope. Lenzi ya laki mbili haitaliondoa tope hilo.

Aliyenifumbua macho ni nahodha mmoja mzee pale gatini. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotafuta: mji wote uwe kwenye mwanga, maji yaguse ukuta, vyombo vielee.

"Leo mwezi ngapi?" akaniuliza, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame.

"Kumi na mbili, mzee."

"Basi ngoja kumi na sita, mwanangu. Ni bamvua, siku za maji makubwa. Alfajiri maji yatakuwa yamejaa, na mwezi utakuwa bado uko juu ya mji."

Hilo la mwezi sikuwa nimeliomba! Mwezi mpevu hutua magharibi jua linapochomoza, lakini siku moja mbili baadaye huchelewa kutua, kwa hiyo jua hupiga kuta za mji huku mwezi ungali juu ya mapaa. Bamvua nalo huja siku hizo hizo. Kila mwezi unapata asubuhi mbili hivi za namna hiyo, na mawingu yakiingia ndiyo basi hadi mwezi mwingine.

Nilivukia Manda kungali giza. Nauli saa hizo hupanda, ila si ya kumfilisi mtu. Kamera ilikuwa ileile ya zamani, na lenzi ya milimita 200 niliyouziwa na mtu mkononi. Tripodi yangu, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ni nyepesi, kwa hiyo huning'iniza kiroba cha mchanga katikati yake. Hakikisha kiroba kinagusa chini kidogo, maana kikiachwa kibembee, upepo wa kusi utakitikisa na picha itatoka na ukungu.

Kabla ya jua kutoka usihangaike na mwezi. Ukipima mwanga wa nyumba, mwezi unaungua, unabaki doa jeupe lisilo na sura. Subiri. Jua likishapanda kidogo, kuta za mbele hugeuka rangi ya asali, na hapo mwezi na mji huwa karibu kipimo kimoja cha mwanga: nilitumia ISO 100, f/8, na 1/125 ya sekunde. Mabaka ya mwezi yalionekana, madirisha yalionekana, na jahazi lililofungwa ukutani lilikuwa na kivuli chake kizima majini. Nilipaza sauti peke yangu pale Manda. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na naisema hivyo bila haya.

Kwa ufuo wa Shela nahesabu tofauti. Kule nataka maji yametoka alfajiri, ili jua la ubavuni liamshe mikunjo ya mchanga. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo navizia mwezi kumi au ishirini na tano. Wapiga picha wengi nikiwauliza mwezi ngapi, hunitajia Agosti.