Nilivyoondoa kinundu kwenye tundu la gegedu la sikio

Kinundu chekundu kilikaa nyuma ya tundu nililotoga kwenye gegedu (sehemu ngumu ya juu ya sikio) na kutoa majimaji kila hereni ilipoguswa. Hakikuwa keloidi: keloidi ni kovu gumu lililovimba na huvuka mipaka ya kidonda, hiki kilikuwa laini, kimeshikilia palepale tunduni.

Chanzo kilikuwa hereni ya duara. Huzunguka, husukuma tundu pembeni na kuingiza ukoko ndani. Kilichosaidia ni kipini kilichonyooka, chenye kisahani bapa nyuma: titani ya daraja la ASTM F136 (kiwango cha vipandikizi vya mwilini), unene milimita 1.2, urefu milimita 8. Uvimbe ulipotulia, mtogaji aliweka cha milimita 6, kwa sababu kirefu hunasa kwenye mtandio na foronya, tundu likapinda. Hereni za rangi ya dhahabu za bei chee ziache; nyingi zina nikeli, na nikeli huwasha.

Kusafisha ni mara 2 kwa siku: maji ya chumvi ya 0.9% kutoka duka la dawa, shashi safi, kisha kausha. Spiriti na dawa ya meno (bado wapo wanaoipaka!) huunguza ngozi mpya. Usizungushe kipini. Lalia upande wa pili, au weka sikio katikati ya mto wa shingo wa safarini.

Gegedu halina mishipa yake ya damu, hivyo hupona kwa miezi 6 hadi 12. Sehemu ya juu ikivimba, ikapata joto na kuuma huku ndewe (sehemu laini ya chini ya sikio) iko sawa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usichomoe kipini mwenyewe. Tundu linaweza kuziba na kufungia usaha ndani.