Siku moja maishani mwangu: kuweka upau wa zana kwenye terminali

Saa mbili asubuhi nasoma ripoti zilizoingia usiku, nazipanga, naanza kazi. Nikisema natengeneza upau wa zana wa edita (programu ya kuandikia) ya kwenye terminali, lile dirisha la maandishi matupu, wengi wanadhani nachora vipicha vya disketi na mkasi. Hamna picha hapa jamani. Ni vijumba vya herufi, na hesabu inayotumika mpaka leo ni ileile ya VT100, terminali ya mwaka 1978, safu 80 kwa mistari 24. Kila mstari ninaouchukua mimi nimemnyang'anya mtu sehemu ya kuandikia, kwa hiyo upau wangu ni mstari mmoja, siongezi.

Saa tatu mpaka saa tano ni maneno tu. Fungua, Hifadhi, Tendua, Tafuta, nahesabu herufi, dirisha likibanwa kipi kijifiche kwanza (Hifadhi hakijifichi kamwe, hilo sina mjadala nalo). Kuna aliyeomba emoji nikakataa, maana emoji moja terminali hii inaihesabu kijumba kimoja, ile inahesabu viwili, na kila kitu kilicho kulia kwake kinasogea, unabofya Tafuta inakujibu Tendua.

Halafu saa tano hivi ikaingia tiketi, yaani ripoti ya tatizo kutoka kwa mtumiaji: "vitufe havifanyi kazi." Basi. Nikamuuliza kaka, vitufe vipi, akanijibu vyote, nikamuuliza hata Fungua, kimya, baada ya saa nzima anasema ah Fungua kinafanya, vya kulia ndo vimekufa, nikamuuliza skrini yako ina safu ngapi, kimya tena, mi huku najaribu kwenye terminali moja baada ya nyingine vyote vinabofyeka vizuri, mchana ukaisha hivyohivyo. Mwishowe akatuma namba: safu zaidi ya 240. Hapo nikajua.

Ukibofya kipanya, terminali haiipi edita kipanya, inaipelekea herufi. Kwa mtindo wa zamani namba ya safu inajumlishwa na 32 na kutumwa kama baiti moja, na baiti mwisho wake 255, kwa hiyo ukivuka safu ya 223 hamna namna ya kusema umebofya wapi. Mtindo mpya, SGR, unaowashwa kwa namba 1006, unaandika safu kwa tarakimu za kawaida na hauna kikomo hicho. Sisi tunauomba tangu zamani, ila yeye katikati ana programu ya kugawa skrini, toleo la zamani sana lisiloujua, kwa hiyo kila akibofya tunarudishwa kulekule kwenye 223.

Siwezi kumlazimisha abadili programu, pengine hiyo seva si yake. Nikaamua vitufe vyote vipangwe kuanzia kushoto, hamna cha kuning'inia upande wa kulia hata skrini iwe pana vipi.

Jioni sijui saa ngapi, macho yanauma, nikarudi kwenye kibodi. Asiye na kipanya naye aufikie upau, na F10 ya kibodi siiamini, kuna terminali zinaimeza kufungua menyu yao wenyewe, nikaweka njia nyingine pembeni. Nikahakikisha pia edita ikifungwa, hata ikizimika ghafla kwa hitilafu, inazima ufuatiliaji wa kipanya, la sivyo mtu akibofya anamwagiwa herufi za ajabu kwenye shelli yake, pale anapoandikia amri, na hajui zimetoka wapi. Na wanaotaka kunakili maandishi kwa kipanya nimewaandikia kwenye maelezo washike Shift, terminali nyingi zinakubali.

Kazi hii naipenda. Kuna mtu yuko kwenye seva ya mbali, hajawahi kukariri njia za mkato, anataka tu kuhifadhi faili atoke salama. Mabadiliko nimeyatuma, jamaa wa tiketi kajibu neno moja, "vinabofyeka", na tiketi nimeifunga.