Nilivyochimbua mipangilio ya faiawoli kwenye mashine iliyoungua

Wale wanaosema faiawoli ikiharibika "piga reset uanze upya" nadhani hawajawahi kusimama kwenye kampuni ya samaki pale Igogo, Mwanza, asubuhi, malori ya sangara yamepanga foleni na mizani haiwasiliani na Dar es Salaam. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ubao wa ile kompyuta ya pfSense, programu ya faiawoli inayolinda mtandao wa ofisi, ukaungua. Fundi aliyeifunga alishahama mji. Bakapu hakuna aliyeijua.

Mtaalamu mmoja akanielekeza kwenye simu: "Mkuu, okoa /tmp/rules.debug, ndiyo konfigi (mipangilio) yenyewe." Wapi! Hilo faili pfSense inalitengeneza yenyewe kila inapopakia sheria. VPN (njia ya siri ya kuunganisha ofisi na Dar), DHCP (inayogawa anwani kwa kompyuta) na watumiaji humo hawamo. Vyote hivyo vimekaa kwenye faili moja tu la XML, /cf/conf/config.xml.

Nikachomoa diski. Nageuka, kijana wa ofisini keshaichomeka kwenye laptopu yake ya Windows, nayo inauliza kama tuiformati kwanza. Mama mwenye kampuni alikuwa nyuma yetu.

"Si ubonyeze ndiyo, mwanangu, tuendelee? Samaki wanaharibika."

"Mama, tukibonyeza hapo tumefuta kila kitu."

Kishale kilishafika juu ya kitufe. Nikachomoa waya bila kuomba ruhusa.

Windows haisomi UFS, mfumo wa faili uliokuwa kwenye diski hiyo. Ubuntu inaisoma, ila iwe kwa kusoma tu, msije mkaandika juu ya ushahidi:

sudo mount -t ufs -o ro,ufstype=ufs2 /dev/sdb3 /mnt

Nikaingia cf/conf. Faili la config.xml lipo, ukubwa wake sifuri. Umeme ulilikuta linaandikwa. Kijana akaanza kunitazama kwa huruma.

Hapa ndipo ninapojisifu kidogo. Ndani ya folda hiyohiyo kuna nyingine inaitwa backup, na pfSense huweka humo nakala kila mtu anapobadilisha mipangilio. Majina yake ni config- halafu namba ndefu, ambayo ni sekunde zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1970. Kwa hiyo huhitaji kubahatisha: namba kubwa kuliko zote ndiyo ya karibuni. Nikaifungua, mistari yote ya VPN ya Dar imo, imetulia.

Kijana akataka nimrushie WhatsApp. Thubutu! Mle kuna funguo za VPN.

Mashine mpya tuliiunda kwa kompyuta iliyotumika kutoka Makoroboi, hapohapo Mwanza, laki mbili na ushee. Kadi zake za mtandao pfSense inaziita igb, zile za zamani iliziita re. Usihangaike kupanga upya: fungua XML kwa kihariri cha maandishi, badilisha re0 iwe igb0, re1 iwe igb1, kisha rudisha faili.

Ikawaka, VPN ikashika, mizani ikaanza kutuma. Neno la siri lilikuwa la yule fundi, na halikunisumbua: menyu ya konsoli (skrini ya mashine yenyewe), namba 3, likarudi kuwa pfsense. Nililibadilisha kabla mama hajamaliza kuuliza ni kiasi gani.