Mfanyabiashara Mmoja, Mabepari Wengi

Nikiwa mwaka wa pili katika idara ya Kiingereza, nilipangiwa kuwasilisha mada ya semina kuhusu The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare, na hadi siku mbili kabla ya zamu yangu nilikuwa sijakitia mkononi kitabu chenyewe. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya 50, na maktaba ilikuwa na nakala mbili, zote katika chumba cha vitabu visivyoruhusiwa kutoka nje, ambako kila mtu aliandikiwa saa mbili tu. Fedha za kujikimu, ambazo sote tuliziita bumu, zilikuwa hazijatoka, kwa hiyo hata gharama ya fotokopi ilinishinda.

Nilichokuwa nacho ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, ambayo baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliihifadhi katika sanduku la bati pamoja na vyeti vyake, nami nilikuwa nimeondoka nayo nyumbani bila kumwomba. Niliisoma usiku mmoja, bwenini, kwenye kitanda cha mwenzangu aliyenibeba, yaani aliyenikaribisha tulale wawili, maana mwaka ule sikupata nafasi ya chumba. Asubuhi niliandika kurasa sita za Kiingereza nikidai kwamba jina la tamthilia linashutumu tabaka zima, kwamba Shakespeare aliwaita watu wale mabepari ili tusimtofautishe Antonio na Shylock, Myahudi anayemkopesha fedha. Niliona nimegundua jambo kubwa.

Mhadhiri wetu, mama asiye na maneno mengi, aliniacha nisome hadi mwisho, kisha akaniuliza huyo mfanyabiashara anayetajwa katika jina la tamthilia ni nani. Nikajibu kwamba ni Shylock, na kwamba si peke yake, wako wengi. Hakunikosoa. Alinipa nakala yake na kuniomba niwasomee wenzangu jalada, halafu orodha ya wahusika. Mfanyabiashara alikuwa mmoja, naye ni Antonio. Shylock hakuwa na cheo hicho mahali popote. Kicheko kilichoanzia viti vya nyuma kilifika mbele kabla sijaketi.

“Wewe umesoma kitabu gani?” akauliza, safari hii kwa Kiswahili, lugha ambayo hatukuwahi kumsikia akiitumia darasani.

Nilikitoa kwenye mfuko, uti wake umeshikizwa kwa gundi, nikitarajia kufukuzwa. Alikifungua penye kesi ya Shylock na Antonio, akaniagiza nisome pale Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anapoingia mahakamani na kuuliza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi. Kwa nini, akauliza, mtu atakayeingia na swali kama hilo asiweze kuwatofautisha kwa macho? Hapo semina ilisahau kurasa zangu sita. Mmoja alisema kwamba tafsiri ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hivyo neno bepari lilikuwa limekwisha kuwa tusi. Mwenzetu kutoka Tanga akapinga: kwao bibi yake humwita bepari Mhindi yeyote mwenye duka, bila chuki yoyote. Mhadhiri alithibitisha kwamba neno hilo tulilipata kwa Wahindi, na kwamba maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara tu. Basi nilikuwa nimekosea katika lugha zote mbili, na kosa la Kiswahili liliniuma zaidi, kwa kuwa hilo sikuweza kulisingizia upungufu wa vitabu. Lililobaki bila jibu ni ule wingi, yaani kwa nini mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare awe mabepari kwa Kiswahili. Hilo nilipewa niliandikie insha nyingine, badala ya ile iliyopata alama saba kati ya ishirini.

Likizo ilipofika nilikirudisha kitabu. Baba alikipokea, akaikagua gundi kwanza, ndipo akaitikia shikamoo yangu.