Betri Inapoingia Kwenye Sola Iliyounganishwa na Gridi

Mfumo wa sola uliounganishwa na gridi bila betri una kazi moja: kuchota nguvu yote inayopatikana kwenye paneli wakati huo na kuisukuma nje. Inveta yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa aina inayotumika nyumbani, haitungi volteji wala masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi). Huzipokea hezi 50 za gridi na kuzifuata. Ndiyo maana umeme ukikatika, nyumba yenye paneli tele hukosa umeme hata saa sita mchana, kwa kuwa viwango vya kimataifa vinaitaka inveta ijizime ndani ya sekunde 2 ili isimdhuru fundi anayeshika nyaya akiamini hazina umeme. Mteja anastahili kuelezwa jambo hili kabla hajalipa.

Betri huondoa utegemezi kwa jua la dakika ile. Wingu likipita, betri huziba pengo. Mtambo wa Golomoti nchini Malawi, uliozinduliwa mwaka 2022, una sola ya megawati 20 na betri ya megawati 5 yenye akiba ya megawati-saa 10, kwa sababu gridi ndogo huyumba upesi uzalishaji unapopanda na kushuka.

Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huonekana gridi inapokatika. Swichi huitenga nyumba na nyaya za mtaani, kisha inveta ya betri huacha kufuata na kuanza kuongoza: sasa yenyewe ndiyo inayotunga volteji na masafa, na inveta ya paneli huifuata. Lakini ikiwa betri imejaa, jua ni kali na matumizi ni madogo, nguvu inayozidi itakwenda wapi? Inveta ya betri huyapandisha masafa kidogo juu ya hezi 50, na inveta ya paneli, iliyopangwa kupunguza uzalishaji masafa yanapopanda, hupunguza bila waya wowote wa mawasiliano kati yao. Naupenda sana ufumbuzi huu. Kwa hiyo anayeongeza betri kwenye mfumo wa zamani ahakikishe kwanza kwamba inveta iliyopo inaweza kupunguza taratibu, kwani ile inayojua kuwaka na kuzima tu itakuwa ikikatika na kurudi mchana kutwa.

Hubaki uamuzi wa akiba. Betri ikitumika yote jioni kupunguza bili, haitakuwa na kitu umeme ukikatika usiku. Kiwango cha chini cha chaji kipangwe kulingana na ukatikaji wa umeme wa mtaa husika, si kwa kuacha namba aliyoiweka mtengenezaji.