Kuingia bila idhini ni kosa hata kama fedha hazijapotea

Hapa Mbeya, hasa katika miezi ambayo fedha za mpunga wa Mbarali na Kyela zinaingia kwenye simu za watu, mashauri ya simu na akaunti zilizofunguliwa na wasiohusika huishia kwenye maneno mamoja: "Hajachukua kitu, yaishe." Mama mmoja jirani yetu huku Uyole aligundua kwamba kijana aliyekuwa akimsaidia kutoa fedha kwa wakala ameendelea kufungua akaunti yake ya simu kwa namba ya siri aliyotajiwa siku moja tu, akiangalia salio na kusoma miamala. Wazee walikaa, kijana akapiga magoti akaomba radhi, na kwa kuwa hakuna shilingi iliyopungua, shauri likafungwa kana kwamba halikuwepo. Suluhu ya wazee naiheshimu, na simtakii kijana yule jela. Ninachokataa ni ile hoja kwamba hapakuwa na kosa, kwa sababu sheria ya nchi yetu inasema kinyume chake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inajulikana zaidi kwa kesi za watu walioandika mambo mtandaoni, na lawama zilizotolewa dhidi ya kifungu chake cha 16 kuhusu taarifa za uongo, pamoja na mamlaka makubwa ya upekuzi iliyowapa polisi, zina uzito wake. Kelele hizo, hata hivyo, zimefunika vifungu vya mwanzo, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyomgusa mwananchi wa kawaida kila siku. Kifungu cha 4 kinamkataza mtu kuingia kwa makusudi na isivyo halali katika mfumo wa kompyuta, au kusababisha mfumo huo uingiwe, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Hakuna mahali ambapo kifungu hicho kinadai kwanza fedha ziwe zimepotea. Anayeingia ndani kwa mtu usiku bila hodi hasubiriwi abebe godoro ndipo aitwe mkosaji. Na asidhani mtu kwamba neno kompyuta linaiacha nje simu ya mkononi, kwa maana tafsiri iliyomo katika sheria inahusu kifaa chochote kinachohifadhi, kuchakata na kuwasilisha data, na kuingia kunajumuisha hata kuchota data iliyomo.

Hasara inapotokea tunahamia kifungu cha 12, yaani udanganyifu unaofanywa kwa kuingiza, kubadili, kufuta, kuficha au hata kuchelewesha data kwa nia ovu ili mwingine apoteze mali. Hapo faini haipungui shilingi milioni 20 au mara tatu ya faida iliyopatikana, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Mgawanyo huu wa kuingia kwanza na kudhulumu baadaye si wetu peke yetu. Nchini Marekani majimbo yalitangulia kutunga sheria za namna hii kabla ya Bunge la nchi nzima: Florida ilipitisha yake mwaka 1978, ilhali sheria kuu ya shirikisho, tunayoisikia mara nyingi katika kesi za wadukuzi, ni ya mwaka 1986. Huko ndiko swali gumu kuliko yote lilikofikishwa hadi Mahakama ya Juu, katika kesi ya Van Buren iliyoamuliwa mwaka 2021. Askari polisi wa jimbo la Georgia alitumia nenosiri lake halali kutafuta taarifa za namba ya gari kwa malipo. Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba sheria ya shirikisho haimgusi mtu anayefungua hifadhi ya taarifa anayoruhusiwa kuifungua, hata kama nia yake ni mbaya. Uamuzi huo ulihusu sheria ya shirikisho, na majimbo yanabaki na sheria zao zenye maneno yao.

Nimeitafakari sana kesi hiyo kwa sababu askari yule anafanana na watu wengi tunaokutana nao: karani wa chama cha akiba na mikopo anayemwambia shemeji yake nani amekopa kiasi gani, au mtumishi wa dirishani anayechungulia taarifa za mwanamke anayemtaka. Hao wana ruhusa ya kuingia. Kwetu, pengo hilo limezibwa kwa kiasi kikubwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa kusudi moja haitumiwi kwa kusudi jingine, na ambayo imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Kwa aliyekuwa na ruhusa ikaisha, kipo kifungu cha 5 cha sheria ya mwaka 2015, kinachokataza kubaki ndani ya mfumo au kuendelea kuutumia baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Namba ya siri iliyotajwa kwa ajili ya kutoa fedha siku moja haikuwa ruhusa ya mwezi mzima.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi tunavyojinyima ushahidi wenyewe. Katika vyama na maduka mengi nenosiri moja linatumiwa na karani, mhasibu na mwenyekiti, na mtu akiondoka kazini halibadilishwi, kwa hiyo jambo likitokea hakuna awezaye kuthibitisha ni nani aliyeingia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaipa mahakama kazi ya kupima ushahidi wa kielektroniki kwa kuangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyobaki bila kuchezewa. Hivyo mtu anayefuta ujumbe wa tapeli kwa hasira, au anayempelekea fundi simu aisafishe kabla ya kwenda kituo cha polisi kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, anaidhoofisha kesi yake kwa mkono wake. Ujumbe uachwe palepale ulipoingia, namba ya tapeli itumwe kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na kwa kupiga *106# kila mtu aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, maana laini asiyoijua inaweza kutumika kwa utapeli kwa jina lake.